Binti yangu anaanzisha mpira kwa mkono mmoja. Je, ni makosa?

"Assalaam aleikum daktari. Naandika kutoka Likoni. Binti yangu ana miaka 15, yuko gredi ya 9. Wakati wa kuzaliwa bega lake lilikwama, akavutwa, na tangu siku ile mkono wake wa kushoto umelala tu. Bega halinyanyuki, kiwiko hakikunjiki, vidole havishiki kitu. Miaka miwili iliyopita alianza kucheza tenisi ya meza shuleni kwa mkono wa kulia, na mchezo umemwingia mpaka kila Jumamosi anavuka feri kwenda mazoezini mjini. Taabu ni kuanzisha mpira. Kwa kuwa hana mkono wa kuurusha, anauweka juu ya raketi, anaurusha kwa raketi hiyo hiyo, kisha anaupiga. Muhula uliopita kwenye mashindano ya shule mwamuzi alimwambia ni makosa, na kila akianzisha pointi ikaenda kwa mwenzake. Alitoka analia. Mwalimu akamwambia basi awe anaandika matokeo. Mjomba wake anasema atafutiwe michezo ya watu wenye ulemavu. Jirani anasema ile ni ya viti vya magurudumu, mwenye miguu mizima hapokelewi. Mjomba anazidi kusema akienda aufunge ule mkono na ajilegeze, apangwe na wanyonge. Bibi yake hataki acheze kabisa, anasema mkono wa kulia utachakaa na mgongo utapinda. Nimechoka kusikiliza watu. Je, anavyoanzisha ni makosa? Mahali pake ni wapi? Na je, ninamuumiza mwanangu?"

Aleikum salaam, dada yangu. Kwanza nikuweke wazi kwamba mimi si daktari wa upasuaji. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, na sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Mombasa imekuwa na wachezaji wenye ulemavu wa viungo, wengi wao wakiwa wanaocheza wima. Kwa hiyo swali lako limenifika penyewe. Umeuliza mambo matatu, na naona la mwisho ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Lakini niruhusu nianze na lile lililomliza binti, kwa sababu jibu lake ni fupi na ningependa alisikie leo hii kabla hajalala.

Hapana, si makosa ya kumnyima mchezo. Sheria yenyewe ina nafasi yake.

Sheria za tenisi ya meza, zile zile zinazotumika Olimpiki, zinasema mpira uwe umetulia juu ya kiganja kilicho wazi cha mkono usioshika raketi, kisha urushwe juu wima, usizungushwe, upande angalau sentimita 16, na upigwe ukiwa unashuka. Wakati wote huo uwe juu ya usawa wa meza, nyuma ya mstari wa mwisho, na mpinzani auone. Waamuzi wengi wa shule wanaijua sehemu hii kwa moyo. Wasichokisoma mara nyingi ni kifungu kidogo kinachofuata mwishoni: mwamuzi anaweza kulegeza masharti hayo akiridhika kwamba ulemavu wa mwili ndio unaomzuia mchezaji kuyatimiza. Kifungu hicho hakiko kwenye kitabu cha pembeni cha michezo ya walemavu. Kiko ndani ya sheria za kila mtu, kwa hiyo kinafaa kwenye mashindano ya shule ya Likoni sawasawa na kinavyofaa kwenye fainali za dunia.

Sasa tazama vizuri maneno yake, maana ndani yake kuna kazi ya kufanya. "Akiridhika" maana yake mwamuzi lazima ajue. Akimwona msichana aliyevaa sweta ya shule, mkono umening'inia ndani ya mkono wa nguo, anaweza kudhani ni mchezaji asiyejali sheria. Simtetei, lakini nimeliona hilo mara kadhaa. Anayetakiwa kusema ni mchezaji au mwalimu wake, na wakati wa kusema ni kabla ya mechi, si baada ya pointi ya tano.

Halafu "kulegeza" si kufuta. Kinachoachiliwa ni kile tu ambacho mkono wake hauwezi, yaani kiganja wazi cha mkono huru. Mengine yote yanabaki. Mpira upande sentimita 16 au zaidi. Upande wima, usimwendee mpinzani. Usizungushwe, na hapa raba ya raketi ni mtego, kwa sababu raketi ikiinama kidogo tu wakati wa kurusha, raba inaukwaruza mpira na kuupa mzunguko. Upigwe ukishuka. Mwamuzi mwenye haki kabisa atampa binti ruhusa ya kurushia raketi, na dakika hiyo hiyo atamhukumu akiupiga mpira ungali unapanda. Kwa hiyo mchukulieni yule mwamuzi kwa wema: huenda alikosea kwa jambo la kwanza, na huenda alikuwa sahihi kwa la pili. Nendeni mkamrekodi binti kwa simu, kutoka ubavuni, mara ishirini mfululizo, muone mpira unafika wapi.

Si yeye wa kwanza. Natalia Partyka wa Poland alizaliwa bila mkono wa kulia kuanzia chini ya kiwiko. Anacheza kwa kushoto, na mpira anaulaza kwenye kunjo la kiwiko cha kulia na kuurusha kutoka hapo. Bruna Alexandre wa Brazili alikatwa mkono wa kulia akiwa mtoto mchanga. Yeye huuweka mpira juu ya raketi na kuurusha, kama binti yako. Mwaka 2024 huko Paris alicheza Olimpiki pamoja na wasio na ulemavu, kisha akacheza Paralimpiki, na hakuna aliyemwambia aandike matokeo. Na Ibrahim Hamadtou wa Misri, aliyepoteza mikono yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa na miaka kumi, hushika raketi kwa meno na kuutupa mpira juu kwa vidole vya mguu. Alicheza Paralimpiki ya Rio 2016 na ya Tokyo. Mwonyeshe binti video zake na za Bruna. Si kwa ajili ya kumtia moyo tu. Atazame mikono, atazame muda.

Maana shida kubwa ya kurushia raketi ni muda. Mchezaji wa mikono miwili, mpira unapoondoka kiganjani, raketi yake iko nyuma tayari, imeshakunjwa kama ngumi. Binti yako raketi yake iko chini ya mpira. Lazima iuache mpira, ishuke, irudi nyuma, halafu ije mbele. Mpira uliopanda sentimita 16 tu hupanda na kushuka kwa muda wa karibu theluthi moja ya sekunde. Hapo hana nafasi, atabaki kuugusa tu ili uvuke wavu, na mpinzani ataula. Akiupandisha nusu mita, anapata zaidi ya sekunde sita kwa kumi, karibu maradufu. Kwa hiyo jambo la kwanza ningempa kama mazoezi ni hili: arushe juu, usawa wa macho hadi juu ya kichwa, asiupige. Auache udondoke juu ya raketi pale pale ulipotokea. Mara hamsini kwa siku, hata uani, hata bila meza. Anayeweza kuudaka mpira juu ya raketi bila kusogeza mguu, ameshashinda nusu ya vita. Ndipo aongeze kupiga.

Mkono usimame kabisa kabla ya kurusha, raketi iwe bapa, na nguvu ya kurusha itoke magotini na kiwikoni. Kifundo cha mkono kikiingia, mpira unakwenda upande. Wapo wanaoubana mpira kwa kidole gumba juu ya raketi ili usivingirike, na ni rahisi zaidi mwanzoni, lakini mimi siupendi mtindo huo. Mpira ukibanwa hautulii, na mwamuzi anapata sababu ya kuuliza maswali. Alaze mpira wazi kila mtu auone.

Na hapa kwetu kuna upepo. Mpira una uzito wa gramu 2.7 tu, na kumbi zetu nyingi zimejengwa madirisha wazi ili watu wapumue. Miezi ya kusi mpira wa nusu mita unaweza kusogea kiasi cha kumharibia pigo zima. Afike mapema, arushe mara kadhaa pande zote mbili za meza, ajue upande upi unavuma. Unyevu nao: hewa ya bahari na jasho huilowesha raba, na raba ikilowa mpira unateleza badala ya kushika mzunguko. Wachezaji wanaruhusiwa kujifuta kwa taulo kila baada ya pointi sita. Mwenye mikono miwili hajui kwamba hiyo ni starehe. Mkono mmoja haujifuti wenyewe, kwa hiyo taulo lake litandikwe juu ya kizuizi au kiti, asugue kiganja na mpini juu yake. Ni jambo dogo, lakini kwenye seti ya tano raketi inayoteleza imewaponza wengi.

Nije kwa jirani. Anachosema kilikuwa kweli zamani. Tenisi ya meza imo kwenye Paralimpiki tangu ile ya kwanza ya Roma mwaka 1960, na wakati huo ilikuwa ya viti vya magurudumu peke yake. Wanaosimama waliingia Toronto mwaka 1976. Tangu mwaka 2007 mchezo huu kwa watu wenye ulemavu unasimamiwa na ITTF, lile lile shirikisho la kimataifa la tenisi ya meza kwa wote. Madaraja ni kumi na moja. La 1 hadi la 5 ni la wanaocheza wakiwa wameketi kwenye viti vya magurudumu. La 6 hadi la 10 ni la wanaosimama wenye ulemavu wa viungo. La 11 ni la wenye ulemavu wa akili. Kwa hiyo nusu ya uwanja ni ya watu walio wima, na binti yako ni mmoja wao.

Kati ya la 6 na la 10, kadiri namba inavyopanda ndivyo athari ya ulemavu kwenye mchezo inavyopungua. Hamadtou yuko la 6. Wenye udhaifu mkubwa wa miguu yote miwili, au wa mkono ule unaoshika raketi, mara nyingi huwa la 7. Mtu aliyekatwa mguu mmoja juu ya goti huangukia la 8, na aliyekatwa chini ya goti la 9. Mkono usioshika raketi ukiwa ndio wenye shida, kama wa binti, kwa kawaida mchezaji huwekwa la 9 au la 10, kulingana na kiasi cha mkono kilichobaki na kazi. Mkono uliopooza wote, begani hadi vidoleni, uzito wake ni mkubwa kuliko kiganja kilichokosekana. Lakini mimi sipangi mtu daraja kwa barua, wala asikudanganye mwingine kwamba anaweza. Kuna jopo linalofanya hiyo kazi.

Jambo moja litakugusa. Melissa Tapper wa Australia alichanika mishipa ya fahamu kati ya shingo na bega la kulia siku aliyozaliwa. Ni jeraha la aina ile ile ya mwanao. Anacheza daraja la 10, na mwaka 2016 alikuwa Mwaustralia wa kwanza kucheza Olimpiki na Paralimpiki zote mbili.

Mjomba ana nia nzuri, ila ushauri wake wa kujilegeza autupe baharini. Jopo halimwangalii mtu akiingia mlangoni tu. Linasoma ripoti za daktari, linapima msuli mmoja mmoja kwa mkono na kuupa alama kutoka 0 hadi 5, linapima viungo vinavyokunjika na visivyokunjika, linamwona akipiga mpira, na baadaye linamtazama akicheza mechi ya kweli ambapo hakuna anayekumbuka kuigiza. Msuli uliopooza kwa miaka 15 una umbo lake na hisia zake chini ya vidole vya mtaalamu, na msuli unaojifanya unajulikana. Akigundulika amedanganya makusudi anafungiwa, na pamoja naye wanaweza kufungiwa waliomshauri. Zaidi ya hayo, dada yangu, hana haja. Mkono wake ni wa kweli. Aende na ukweli wake.

Nafika kwa bibi, na naomba nisimpuuze, kwa sababu ana nusu ya haki.

Mishipa mitano ya fahamu hutoka shingoni, husukana nyuma ya mfupa wa mtulinga, na kugawanyika kuendesha mkono mzima. Mtoto anapozaliwa kichwa kikatoka na bega likakwama kwenye nyonga ya mama, nafasi kati ya shingo na bega huvutika, na mishipa hiyo inaweza kunyooshwa, kuchanika, au kung'oka kwenye uti wa mgongo. Watoto wengi hupona wenyewe katika miezi ya mwanzo. Wachache, kama wako, hubaki na mkono uliolala. Hutokea mikononi mwa wakunga hodari na wasio hodari, na mara nyingine bega lililokwama likiachwa bila kuvutwa mtoto hufa. Hakuna ulichokula wala ulichofanya. Nasema hili bila kuulizwa kwa kuwa sijakutana na mama wa mtoto wa namna hii asiyejilaumu kimoyomoyo.

Kutokana na hayo utaona kwamba kucheza hakuwezi kuuharibu mkono wa kushoto. Mshipa uliochanika mwaka ule hauchaniki tena kwa sababu ya mazoezi, wala hauungiki kwa kupumzishwa. Upasuaji wa kuunga mishipa yenyewe hufanywa utotoni, mara nyingi kabla ya mtoto kutimiza mwaka, kwa kuwa msuli uliokaa muda mrefu bila mshipa hupoteza uwezo wa kuupokea. Kwa umri wake kinachozungumzwa ni upasuaji wa kuhamisha kano au kuweka sawa kiungo, na hilo ni la daktari wa mifupa kumwangalia, si la kuamua kwa ajili ya michezo.

Bibi ana haki kwenye mkono wa kulia. Mkono ule unabeba ndoo, unaandika, unafua, unafunga vifungo, unashika chuma cha matatu, na jioni unapiga mipira mia tano. Hauna mwenzake wa kupokezana naye. Bega na kiwiko vya kulia vikichoka, hana kwa kukimbilia. Kwa hiyo awe na siku mbili kwa wiki bila raketi kabisa, na mazoezi ya kukaza misuli ya nyuma ya bega yawe sehemu ya kila wiki kama vile mpira wenyewe. Maumivu yanayoisha akilala ni uchovu. Yanayobaki siku mbili, au yanayomwamsha usiku, ni taarifa.

Mgongo pia. Si kwamba tenisi ya meza hupinda mgongo. Ila msichana anayekua, mwenye bega moja zito lisilojishikilia na upande mmoja unaofanya kazi yote, anafaa kutazamwa. Kila baada ya miezi mitatu msimamishe mgongo wazi, miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining'inia. Simama nyuma yake utazame usawa wa mbavu. Upande mmoja ukiinuka kama kinundu kuliko mwingine, nenda naye hospitali. Usisubiri aseme unauma, kwa kuwa mara nyingi hauumi.

Kuna jambo ambalo hukuuliza na kocha wake huenda hajaliona, nalo ndilo litakaloamua mechi zake baada ya kuanzisha kurekebishwa. Ni usawa wa mwili. Watu hudhani mkono usioshika raketi hauna kazi. Una kazi kubwa. Mchezaji wa kulia akivuta pigo la kiganja, mkono wa kushoto hutangulia kufunguka, kisha huvutwa ndani na kuzungusha kiwiliwili, halafu husimamisha mzunguko ili mtu asipitilize. Mkono mzima una kama sehemu tano kwa mia ya uzito wa mwili. Kwa msichana wa kilo 45 hizo ni kilo mbili na zaidi. Wa binti haupokei amri. Hufuata nyuma kwa kuchelewa, mwili ukishasimama wenyewe unaendelea, na unamvuta. Ndiyo maana, nadhani, ukimtazama utaona baada ya pigo kali la upande wa kulia anachukua hatua ya ziada kujirudisha. Mpinzani mwerevu atampeleka kulia kabisa, kisha atarudisha kushoto kabla hatua hiyo haijaisha.

Dawa iko miguuni. Asimame miguu imepanuka kuliko mabega, magoti yamekunjwa, uzito kwenye nyayo za mbele, na asogee kwa hatua fupi nyingi badala ya kujirusha kwa hatua moja ndefu. Mazoezi ya tumbo na nyonga yamsaidie kuzunguka kutokea kiunoni. Nimeona wachezaji waliopiga hatua kubwa kwa miezi michache ya kazi hii bila kubadilisha pigo hata moja.

Kuufunga mkono, si kwa udanganyifu wa mjomba bali kwa kuutuliza usibembee, ni jambo la kujaribu. Mkanda laini unaoushika karibu na kiuno, kiwiko kimekunjwa, huwasaidia baadhi. Huondoa pia uzito unaovuta mfupa wa bega kutoka kwenye kikombe chake. Wengine hujihisi wamefungwa na hucheza vibaya zaidi, kwa hiyo ajaribu mwezi mmoja kisha yeye mwenyewe aamue. Tahadhari moja: mkono usio na hisia haulalamiki. Mkanda ukikaza au ukichubua, hatajua. Kila baada ya mazoezi avuliwe, ngozi itazamwe kote, hasa kwapani na kwenye kiwiko, kwa joto letu hili.

Na kuna sababu ya kisheria ya kuutuliza. Mkono huru, yaani kiganja na vidole, ukigusa uso wa meza mpira ukiwa mchezoni, pointi inapotea. Sheria haiulizi kama mkono umepooza. Akiinama mbele kufuata mpira mfupi karibu na wavu, ule mkono unaweza kudondoka mezani wenyewe. Muulize kama imewahi kumtokea.

Sasa mahali pake. Ungeniuliza kama ahame kutoka mashindano ya kawaida kwenda ya wenye ulemavu, ningesema asihame, aongeze. Partyka, Tapper na Bruna wote walikua wakicheza na wasio na ulemavu, na daraja la 9 na la 10 lina kasi kubwa kiasi kwamba anayecheza na wenye ulemavu peke yao, katika mji ambao hawazidi wachache, hatapata mazoezi ya kutosha. Kaunti yetu haina wachezaji wengi wa wima. Wenzake wa kila siku watabaki kuwa wale wa shule na wa ukumbini.

Nisikufiche gharama zake. Upangaji wa madaraja wa kimataifa hufanyika kwenye mashindano yanayotambuliwa na ITTF, na safari hizo ni ghali, wafadhili wachache, na mengi huanzia Nairobi. Kwenye mashindano mengine madaraja huunganishwa: Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022 iliwaweka wanawake wa la 6 hadi la 10 pamoja. Na wapinzani wake wameanza mapema. Partyka alicheza Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 11. Binti yako ana 15 na miaka miwili ya mchezo. Anaweza kuwa mchezaji mzuri sana wa Kenya, na pengine zaidi, lakini asiahidiwe ndege. Aahidiwe meza, mwalimu anayejua sheria, na mama asiyechoka kuvuka feri.

Cha kufanya kwa mpangilio ni kupata kwanza ripoti ya daktari inayotaja jeraha kwa jina, misuli isiyofanya kazi, na hali ya viungo. Kliniki ya mifupa ya Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani inaweza kukuelekeza. Ripoti hiyo itakufaa mara tatu: kwa usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa mwamuzi, na kwa jopo la madaraja siku ikifika. Kisha mzungumze na Kamati ya Kitaifa ya Paralimpiki ya Kenya kuhusu mchujo. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, chenye karakana za Bombolulu tangu mwaka 1969, kina watu wanaojua vifaa na mazoezi ya viungo, na kwao unaweza kuuliza habari za mkanda.

Uende kwa mtaalamu ana kwa ana bila kungoja ukiona lolote kati ya haya: mkono wa kulia kufa ganzi au kupoteza nguvu, maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi, kile kinundu cha mbavu, bega la kushoto kuonekana limeshuka kuliko zamani au kuanza kuuma, au kidonda cha ngozi kisichopona. Na kama hajawahi kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia tangu utotoni, hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Mwalimu usimgombeze. Mpelekee nakala ya kile kifungu, umwombe amruhusu binti arudi mezani muhula huu. Na siku ya mechi, kabla ya kupasha mwili moto, binti aende kwa mwamuzi mwenyewe, aonyeshe mkono, aseme hivi kwa sauti yake: "Mkono wangu wa kushoto umepooza, siwezi kurusha mpira kwa kiganja. Narushia raketi, wima, zaidi ya sentimita 16. Naomba uone nikirusha mara mbili kabla hatujaanza." Afanye mazoezi ya kuyasema hayo nyumbani, mbele ya bibi.